Baiskeli Nyepesi Hailalamiki Inapougua

Siku hizi imezuka tabia njema miongoni mwa watu wa mijini. Mtu aliyezoea kutoka kitandani hadi garini, na kutoka garini hadi kitini ofisini, sasa utamkuta alfajiri barabarani akiendesha baiskeli. Wengine wamepiga hatua zaidi wakanunua zile baiskeli nyembamba za mbio zilizoundwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo bei ya moja yaweza kununua ng'ombe kadhaa huku kwetu Tana River.

Mimi kama daktari nafurahi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na baiskeli ni njia nzuri ya kutimiza hesabu hiyo bila kuyatwisha magoti uzito wote wa mwili. Shinikizo la damu, kisukari na unene hupungua makali mtu anapoutumikisha mwili wake.

Hata hivyo, kuna jambo linalonitia wasiwasi. Wengi wa wanunuzi hawa hudhani kwamba kitu cha bei ghali hujitunza chenyewe. Maoni yangu ni kwamba anayenunua baiskeli ya kaboni bila kujifunza kuitunza ni sawa na mgonjwa anayebeba dawa kali kutoka dukani bila kuuliza kipimo chake. Dawa ni ile ile, lakini yaweza kuponya na yaweza kuangamiza.

Nayasema haya nikiwa Garsen, ambako barabara ya lami kutoka Malindi inapita ikielekea Witu na Lamu. Ni barabara tambarare, na mwenye baiskeli nyepesi akiiona miguu humwasha. Lakini akianguka hapa na kuvunjika paja, hospitali kubwa ya Malindi iko zaidi ya kilomita 100. Mahali kama hapa, breki iliyokaguliwa asubuhi ni tiba kuliko sindano ya jioni.

MARADHI YASIYO NA KELELE

Tuanze kwa kuielewa baiskeli yenyewe. Kaboni si chuma. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Wepesi wake ni wa ajabu. Tangu mwaka wa 2000 shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, limekataza mashindanoni baiskeli yenye uzito wa chini ya kilo 6.8, kwa sababu wataalamu wangeweza kuzifanya nyepesi hata zaidi. Linganisha na "black mamba" ya hapa Garsen, ile baiskeli nyeusi ya chuma inayobeba mitungi ya maji, magunia ya mahindi na maembe. Hiyo hufikia kilo 20 hivi kabla haijapakiwa chochote.

Sasa tazama tofauti inayonihusu mimi kama tabibu. Chuma ni mgonjwa mwenye mdomo. Kikichoka hupinda, hulia, hutoa kutu, na mwenyewe huona. Kaboni haipindi. Inaweza kugongwa na jiwe leo, ikapata jeraha ndani ya tabaka zake huku rangi ya nje ikiwa inameremeta, kisha ikavunjika ghafla wiki kadhaa baadaye ukiwa katika mwendo wa kasi. Sisi madaktari tunayajua maradhi ya namna hiyo. Shinikizo la damu halimwashi mtu wala halimuumizi, na ndiyo maana tunamsihi aje apimwe hata akijiona mzima. Baiskeli ya kaboni nayo ipimwe ikiwa bado inaonekana nzima.

Upimaji wenyewe si mgumu. Baada ya kila safari ndefu, futa fremu kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, kisha uikague polepole kwa macho na kwa vidole. Angalia hasa chini ya fremu, mahali mabomba yanapokutana, foki ya mbele, usukani na bomba la kiti. Tafuta ufa, rangi iliyobanduka, au mahali panapobonyea. Gonga taratibu kwa sarafu. Sauti inapaswa kuwa kavu na ya aina moja, na pakiwa na sauti nzito iliyofifia kuliko jirani yake, pashuku hapo. Sauti si hukumu ya mwisho, kwa kuwa unene wa fremu hutofautiana, lakini ni sababu ya kutosha kuacha kuiendesha mpaka mjuzi aitazame.

Usipitishe kidole kwa nguvu mahali palipovunjika. Vibanzi vya kaboni huingia ngozini kama miiba na ni vigumu kuviona. Wala usikwangue au kupiga tupa fremu bila kufunika pua na mdomo, kwani vumbi lake halifai mapafuni.

USIKAZE KWA HASIRA

Kosa linaloharibu nyingi za baiskeli hizi hutokea nyumbani, mkononi mwa mwenyewe. Tumezoea kwamba nati ikilegea, dawa ni kuikaza mpaka mishipa ya shingo itoke. Kwenye chuma hilo huvumilika. Kaboni ikibanwa kupita kiasi hupondeka. Ndiyo maana karibu na skrubu nyingi za usukani na kiti huandikwa tarakimu, kama vile 5 Nm, ambayo ni kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa. Nunua spana inayopima nguvu hiyo. Ikiwa umetoa maelfu kwa maelfu kununua baiskeli, usibanie spana.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiifunge fremu kwa kamba na vipande vya tyubu juu ya basi, ikabanwa kati ya magunia na masanduku. Itoe magurudumu, uizungushie blanketi, uiweke mahali isipolaliwa na mzigo. Usifunge keria wala kiti cha mtoto kwenye fremu ambayo mwongozo wake haukuruhusu.

Utaniambia kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Nakubali, na nawaheshimu mafundi wetu wa jua kali, ambao wameziweka baiskeli za nchi hii barabarani kwa miaka mingi. Lakini kaboni haichomelewi, na kupaka gundi ya dukani juu ya ufa ni sawa na kufunga bendeji juu ya mfupa uliovunjika bila kuunyoosha. Wapo wataalamu wanaoweza kuikarabati kaboni kwa kuiongezea tabaka mpya. Kama huwezi kumfikia mmoja wao, sehemu iliyopasuka iondolewe, na kipimo cha hasara kiwe ni pesa tu.

VUMBI, MWIBA NA MTO

Mazingira yetu nayo yana mahitaji yake. Vumbi la huku huganda kwenye mnyororo uliojaa mafuta likawa kama msasa unaokula meno. Futa mnyororo kwanza, tia mafuta mepesi ya baiskeli tone moja kwa kila kiungo, subiri, kisha ufute yaliyobaki nje. Mafuta ya kupikia na oili chafu ya gari si dawa ya mnyororo. Kama breki zako ni za sahani, yasifike mafuta hata tone. Kama breki hubana rimu na rimu ni ya kaboni, tumia raba zilizotengenezwa kwa ajili ya kaboni, kwani zile za kawaida hazishiki vyema na zaweza kuiharibu kwa joto.

Mwiba wa mathenge, mti ule uliosambaa nchi kavu, hautambui bei ya tairi. Safiri na tyubu ya akiba, vibanio vya kutolea tairi, viraka na pampu. Upepo ujazwe kwa kufuata kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Kwa wakazi wa Mombasa, Malindi, Lamu na Kipini, adui ni hewa ya chumvi. Kaboni yenyewe haishiki kutu, lakini skrubu na vipande vya aluminiamu vinavyogusana nayo huliwa upesi chumvi inapoingia kati. Bomba la kiti lisipotolewa na kusafishwa mara kwa mara, laweza kung'ang'ania ndani ya fremu lisitoke tena.

Nisisitize jambo moja ambalo ni la udaktari kuliko ufundi. Usiende kuosha baiskeli yako mtoni wala kwenye madimbwi. Tana ni mto wenye mamba na viboko, na maji yaliyotulia kandokando yake yana konokono wanaohifadhi kichocho, maradhi yanayomfanya mtu akojoe damu. Ndoo moja ya maji safi uani yatosha. Na mafuriko yakikata barabara, kama yalivyofanya mwishoni mwa 2023 na tena mwaka wa 2024, usijaribu kuvuka kwa kuwa umemwona mwingine akivuka. Maji yakiingia kwenye gololi na ndani ya fremu yatakugharimu fedha, lakini mkondo wenyewe waweza kukugharimu maisha.

MWENDESHAJI NAYE ATUNZWE

Baiskeli ikishakuwa salama, tuangalie aliye juu yake. Kiti kiwe na urefu ambao pedeli ikiwa chini kabisa, goti linabaki limekunjika kidogo. Kikiwa chini mno, goti huumia mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba na mgongo ukalalamika. Ukihisi ganzi sehemu za siri au vidoleni, usione haya wala usijikaze kiume. Ni mishipa ya fahamu inayobanwa. Simama juu ya pedeli kila baada ya muda, badilisha mahali pa mikono, na kiti kirekebishwe. Ganzi isipoisha, muone daktari.

Helmeti ni lazima, na ikishapigwa chini mara moja kwa kishindo kazi yake imekwisha, hata kama haina mkwaruzo. Ukichubuka, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka changarawe zitoke. Usipake majivu wala mafuta ya breki. Kisha uliza lini ulichanjwa pepopunda. Watoto na mama wajawazito huchanjwa, lakini wanaume wazima wengi hawakumbuki hata mwaka. Kwa kidonda kichafu, ikiwa imepita miaka 5 au zaidi tangu chanjo ya mwisho, unahitaji nyingine.

Na kwa wenye black mamba wanaobeba watoto kuwapeleka shule: kisigino cha mtoto kikiingia kwenye spoki huraruka vibaya, na pengine mfupa nao huvunjika. Mtoto avae viatu, awe na mahali pa kukanyaga, na gurudumu la nyuma lizibwe ubavuni. Kipande cha plastiki ngumu hufaa.

Huenda yuko anayedhani namtisha bure. Basi mfikirie Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kufunzwa na Mkenya mwenzetu David Kinjah wa Kikuyu. Alishinda Tour de France mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwezi wa Juni 2019, alipokuwa akikagua njia ya mashindano huko Ufaransa, aliondoa mkono mmoja kwenye usukani, upepo ukamsukuma, akagonga ukuta akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Helikopta ilimkimbiza hospitali. Ikiwa bingwa mwenye mafundi na baiskeli isiyo na kasoro alipatwa na hayo, mimi na wewe tusiokuwa na helikopta tuongeze ajali za kujitakia kwa sababu gani?

Wauzaji nao wana wajibu. Haifai kumkabidhi mtu chombo cha namna hii pamoja na kijitabu cha lugha asiyoifahamu, kisha mkamtakia safari njema. Mwonyesheni namna ya kuikagua, mpeni maelezo kwa Kiswahili, na mwambieni arudi baada ya wiki chache za mwanzo ili spoki, breki na nyaya zikaguliwe, kwani ndipo vitu vipya hulegea. Na mnunuzi ajiulize kwa ukweli kama anaihitaji kaboni. Kwa mwenye kwenda kazini na kurudi kwenye njia zenye mashimo, baiskeli imara ya chuma au aluminiamu itampa afya ile ile kwa wasiwasi mchache. Moyo wako hautambui fremu imetengenezwa kwa nini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa baiskeli hii ufa hauzibwi kwa udongo, hutafutwa mapema. Jumamosi hii, kabla ya kutoka, jipe dakika 10. Bonyeza breki zote mbili, zungusha magurudumu, pima upepo, pitisha kitambaa kwenye fremu yote na uangalie foki mara mbili. Ukiona jambo usilolielewa, tembea kwa miguu siku hiyo. Kutembea nako ni mazoezi.