Maharagwe Yako Yana Njaa Gani?

Mama mpenzi, mwaka jana maharagwe ya jirani yangu yaliota vizuri, kisha yakageuka manjano kabla ya kutoa maua. Mumewe alitaka kuuza mbuzi wanunue yurea. Nikawaomba tuchimbue kwanza shina moja.

Mizizi ya maharagwe ina vinundu. Ndani yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ukipasua kinundu kinachofanya kazi, ndani utaona wekundu. Vya jirani yangu vilikuwa vyeupe.

Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya. Wewe unaijua kazi ya vimeng'enya: ukitia unga wa kimea katika uji mzito wa mtoto, uji hulainika wenyewe. Kimeng'enya cha bakteria hawa kinahitaji madini ya chuma na molibdeni. Molibdeni inayotakiwa ni kidogo mno. Gramu makumi machache hutosha eka nzima. Lakini ikikosekana, kazi husimama.

Mara nyingi molibdeni imo shambani, ila udongo wenye asidi nyingi huing'ang'ania. Mwaka 1942, huko Australia Kusini, mtaalamu A. J. Anderson alieleza kuwa malisho ya jamii ya kunde yaliyostawi kwa majivu ya kuni yalikuwa yamepungukiwa molibdeni. Majivu huongeza madini, tena hupunguza asidi.

Basi, mama, fanya hivi:

Maharagwe yakikaribia kuchanua, chimbua shina bila kuling'oa, upasue vinundu.

Vikiwa vyeupe, mwite bwana shamba apime udongo. Umanjano huletwa pia na magonjwa au maji yaliyotuama.

Udongo ukiwa na asidi, changanya majivu ya kuni kabla ya kupanda, kiganja kimoja au viwili kwa mita moja ya mraba. Usizidishe, wala usitumie majivu ya takataka.

Usikimbilie yurea. Ikiwa nyingi, mharagwe hulegea kutengeneza vinundu.

Shamba la jirani yangu lilipopimwa, lilikutwa na asidi nyingi. Akatia majivu ya jikoni kwake. Msimu huu tulipasua tena kinundu, kikawa chekundu. Maharagwe ya watoto yamepatikana, na mbuzi bado yumo zizini.