Mlevi Si Kontenti

Leo hakuna vichekesho.

Video yangu iliyowahi kufanya vizuri kuliko zote ni ya mzee mmoja amelewa chang'aa Daraja Mbili siku ya soko, anahutubia kabichi kama mbunge. Nilimrekodi, nikaweka muziki, nikaiposti. Mlicheka. Mimi pia nilicheka. Miezi michache baadaye mtoto wake akaniandikia: "Toa hiyo video. Huyo ni baba yangu. Tangu uiposti hatoki nyumba mchana, anatoka usiku kwenda kunywa." Nimeitoa. Lakini mlikuwa mshaisambaza kwa magrupu yote ya WhatsApp, na huko siwezi kuifuta.

Kwa hivyo niseme wazi, na wenye kuniacha waniache: sisi tunaotengeneza kontenti Kisii na Nyamira tunakula pesa ya wagonjwa.

Ndiyo, wagonjwa. Najua tayari unaandika kwa komenti, "Kwani nani alimlazimisha kunywa?" Sawa. Jamaa wa boda akikimbiza pikipiki bila helmeti akavunjika mguu, nani alimlazimisha? Hakuna. Lakini tunambeba hospitali kwanza, maswali baadaye. Mwenye kisukari tunampeleka kliniki hata kama alipenda soda. Ni mlevi peke yake tunayetaka ajitibu kwa aibu.

Hebu elewa mwili. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo unazoea, unajiongezea kasi ili usawazishe. Sasa ukiacha ghafla, breki imetolewa na ubongo bado unakimbia. Ndiyo maana asubuhi mikono inatetemeka. Kwa mtu ambaye amekunywa sana kwa muda mrefu, siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata degedege, akaona vitu ambavyo haviko, hata akafa. Kwa hivyo ile dawa yetu ya kumfungia mtu kwa nyumba na kufuli "mpaka pombe imtoke" inaweza kuua. Hospitalini kuna dawa za kutuliza hali hiyo, kama diazepam, ambazo daktari ndiye anapima, usijinunulie kwa kemisti. Kuna pia vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini. Halafu ndiyo ushauri nasaha unafuata, na huo ni wa miezi, si wa wikendi moja. Akirudia kunywa, anarudishwa kwa matibabu, vile mwenye presha hurudishwa ikipanda tena.

Hata lugha inatuangusha. Mahali pa kutibiwa tunapaita "kituo cha kurekebisha tabia". Tabia! Kama vile mtu alimtusi mwalimu.

Na usidhani hii ni hadithi ya wazee wa soko. Utafiti wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya sita, wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kileo kimoja, ukihesabu pombe, sigara, miraa, bangi na vingine. Si wote ni waraibu. Lakini kila mraibu alianza akiwa na uhakika kwamba yeye hatakuwa.

Mtaniambia chifu yuko kazini. Kweli, wanavamia, wanamwaga mitungi, wanapiga picha, wanaenda. Jioni mwenye kiu anavuka mto kwenda kilima cha pili. Mama aliyekuwa anapika ili alipe karo anatafuta sukari nguru nyingine. Sisemi wasivamie. Methanoli hupofusha na huua, na Kirinyaga walizika watu Februari 2024 kwa sababu ya pombe haramu. Nasema tu kwamba kumwaga pombe hakumtibu mtu hata mmoja.

Sasa niende kwa wakubwa. Katiba ya 2010 iliipa kaunti hospitali, na ikaipa kaunti hiyo hiyo kazi ya kutoa leseni za pombe. Yaani serikali inayopokea ada ya baa ndiyo inayopaswa kumtibu aliyeharibikia kwa baa. Swali langu kwa Kisii na Nyamira ni moja: kati ya hizo ada, ni shilingi ngapi zinarudi kuwa vitanda na washauri wa waraibu? MCA akija kuomba kura 2027, muulize hivyo kabla hajakupea ya chai. Na ujibiwe kwa nambari, si kwa maombi.

Wewe ambaye unasoma hii asubuhi na mikono inatetemeka: usiache ghafla ukiwa peke yako. Enda hospitali ueleze ukweli, unakunywa nini na kiasi gani. Au piga 1192, laini ya NACADA, ni bure. Ukiogopa, mpe rafiki apige.

Na wewe mwenye simu mkononi: ukipata mtu amelala kwa mtaro, mlaze kwa ubavu asikabwe na matapishi. Kama hazinduki au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali. Kama anaongea, tafuta mtu wa kwao. Kamera izime. Nikikuona umeiposti, nitakuambia kwa komenti, na sitakuwa mpole.

Kwa yule aliyeniandikia kuhusu baba yake: samahani. Ningeitoa kabla hujaniomba.