Akiba ya Aliye Ng'ambo

Mombasa ni mji uliozoea wageni wajao kutafuta riziki. Zamani, msimu wa kaskazi ulipovuma, majahazi yalitia nanga katika Bandari ya Kale, na miongoni mwa abiria walikuwamo watu wa Hadhramauti, ambao wenyeji waliwaita Washihiri. Watu hao walichukua maji, walipagaa mizigo na kuuza kahawa katika vichochoro vya Kibokoni na Ndia Kuu. Walikula kidogo, wakavaa kidogo, na kilichosalia wakakipeleka kwao. Kadhalika wafanya kazi wa bara waliokuja Kilindini kupakua meli: mshahara ulipatikana kisiwani, bali ng'ombe na shamba vilinunuliwa nyumbani. Kwa hiyo swali la mahali pa kuweka akiba ya mtu aliye mbali si geni Mombasa.

Siku hizi safari imegeuka. Vijana wa Mji wa Kale, wanaume kwa wanawake, ndio waendao Jeddah, Riyadh, Doha, Dubai na Maskati, kuendesha magari, kulinda maghala, kuuza madukani na kutunza nyumba za watu. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ng'ambo walileta nyumbani karibu dola milioni 4,945 katika mwaka 2024. Fedha nyingi zaidi zilitoka Marekani, lakini Saudia nayo imekuwa katika nchi za mbele. Kuchuma basi kunawezekana. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kukihifadhi kilichochumwa, kwa sababu mwenyewe hayupo akione.

Wazee walikuwa na njia zao. Wengine walimwekea amana mwenye duka waliyemwamini, wengine walinunua dhahabu, na wengine walifukia sarafu chini ya sakafu. Benki ya National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, na Benki ya Akiba ya Posta ikaanza mwaka 1910, lakini wengi waliendelea kuamini sanduku. Kisha ukaja mwaka 1920, rupia ikaondolewa na florini ikashika mahali pake, na mwaka uliofuata florini nayo ikaipisha shilingi. Aliyekuwa na rupia ardhini ilimpasa kuzifukua upesi. Fedha iliyofichwa haisikii tangazo la mjini.

Mfanya kazi wa leo ana mahali patatu pa kuweka akiba yake: huko aliko, katika benki ya nyumbani, au mikononi mwa jamaa na katika ujenzi. Kila pahali pana faida yake na hatari yake.

Anayeiacha akiba huko aliko hutegemea uimara wa fedha ya kigeni. Riali ya Saudia imefungwa na dola tangu mwaka 1986, riali 3.75 kwa dola moja, nayo haikuyumba. Shilingi ya Kenya huyumba. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160, hata riali elfu moja zikapata zaidi ya shilingi 42,000. Wako waliongoja, wakidhani shilingi itazidi kuanguka. Kabla ya mwaka kufika nusu, dola ilikuwa imerudi karibu na shilingi 130, na riali zile zile elfu moja hazikupata hata 35,000. Mwenye busara habahatishi. Karo ya mtoto asomaye Mombasa hulipwa kwa shilingi, basi iwekwe kwa shilingi. Nauli ya kurudi na matumizi ya huko yabaki kwa fedha ya huko. Tena akumbuke kwamba kibali chake cha kukaa ugenini hufuata mkataba wa kazi. Mkataba ukikatika ghafula, si vema akiba ya miaka yote iwe imebaki nyuma yake.

Benki ya nyumbani nayo yataka uangalifu. Mwezi wa Agosti 2015 Dubai Bank Kenya ilifungwa, mwezi wa Oktoba ikafuata Imperial Bank, na mwezi wa Aprili 2016 Chase Bank. Wenye akiba walifika milangoni wakakuta matangazo. Siku zile kinga ya serikali ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa kila mwenye akiba. Tangu mwaka 2020 kinga hiyo imepandishwa kuwa shilingi 500,000 kwa kila mtu katika kila benki. Maana yake ni nyepesi: mwenye shilingi milioni moja na laki mbili akizigawa katika benki tatu, zote zina kinga, akiziweka katika benki moja, laki saba zimo hatarini.

Waislamu wengi waliepuka benki kwa kuogopa riba. Udhuru huo umepungua tangu mwaka 2008, zilipofunguliwa First Community Bank na Gulf African Bank zikifuata sharia. Hata hivyo, jina jema halimwondolei mtu wajibu wa kuuliza jinsi fedha zake zitakavyotumiwa na lini atazipata. Ama M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ni njia nzuri ya kupelekea fedha, lakini fedha ikaayo simuni hutoka kwa wepesi ule ule iliyoingia nao.

Mahali pa tatu ndipo panapoumiza watu zaidi, kwa kuwa ndipo panapopendwa zaidi. Mfano wake ni binti atumaye fedha kila mwezi kwa kaka yake, ili aongezewe ghorofa juu ya nyumba ya marehemu babu yao. Miaka minane yapita, naye hula kwa kujinyima katika nyumba ya watu. Arudipo hukuta ghorofa imekamilika, na wake wa ndugu zake wamekwisha ingia. Akiuliza chumba chake, huambiwa kwamba nyumba ni ya wote. Na waliosema hivyo huenda hawakusema uongo: nyumba ya marehemu isiyogawanywa ni ya warithi wote, na kilichojengwa juu yake huleta mgogoro.

Mjini Mombasa pana mambo mengine ya kutazamwa kabla ya tofali la kwanza. Nyumba nyingi za kisiwani, kama zile za Majengo, zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja tu. Baadhi ya nyumba na viwanja ni wakfu, navyo haviuzwi wala havirithiwi kama mali nyingine. Tena Mji wa Kale ni mahali palipohifadhiwa kwa sheria, na ajengaye au abadilishaye nyumba hupaswa kwanza kupata ruhusa. Mtu aliyeko Riyadh hawezi kuyaona hayo katika picha za simu. Yafaa apate nakala ya hati, ailinganishe na daftari la ofisi ya ardhi, ndipo atume fedha.

Lililo kubwa kuliko yote ni kutaja fedha inatumwa kwa jina gani. Fedha ya chakula cha mama ni zawadi, wala haidaiwi. Fedha ya kaka kuanzia biashara yaweza kuwa mkopo. Fedha ya kununulia kiwanja ni amana, na aliyepewa ni wakili tu. Mambo haya matatu yakichanganywa katika ujumbe mmoja wa simu, hata Kadhi mwadilifu hataweza kuyatenganisha bila maandishi wala mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, yaamuru deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Haikuwabagua ndugu.

Wako waonao haya kumtaka kaka au mama atie sahihi, wakihofu kuambiwa kwamba ugenini kumewaharibu. Lakini karatasi iliyoandikwa siku ya mapenzi huwaepusha ndugu na baraza la Kadhi siku ya ugomvi. Binti yule angalikuwa na karatasi moja, angalikuwa na chumba chake, na kaka angalibaki kuwa kaka. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari; na mali ya aliye ng'ambo ndiyo ihitajiyo daftari kuliko zote.