Uyoga wa Lukenya na Neno "Siujui"

Ikiwa unaishi Syokimau kama mimi, bila shaka umezoea kutembea ukitazama mbele tu: gari moshi la alfajiri, matatu, msongamano wa Barabara ya Mombasa. Mahali petu pamepewa jina la mtabiri wa Kikamba ambaye, kwa masimulizi ya wazee, aliliona lile joka refu la reli kabla halijafika. Ajabu ni kwamba sisi wakazi wake hatuoni hata kinachoota nyuma ya ua.

Ili kuyanyoosha magoti na kuupa moyo kazi, wachache wetu hutoka Jumamosi tukapande kilima cha Lukenya, mbele ya mji wa Athi River. Mnamo Novemba 2023, mwaka ule wa mvua ya El Niño, tulikuta uyoga. Mwingine ulikuwa umeota juu ya kichuguu, kofia zake pana kama sahani. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mti, kulikuwa na mwingine mweupe, safi, kana kwamba umetoka kufuliwa. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye shahada mbili, aliuchuma wote akaujaza kofiani.

Chini ya kilima alikuwa akitungojea mama wa mmoja wetu, bibi wa kutoka Kangundo aliyekuja kumtembelea mwanawe. Kupanda alikataa katakata. Sote twamwita susu. Alitandaza leso, akaanza kuuchambua uyoga, akiugeuza mmoja mmoja, akiunusa, akiutazama mguu wake. Ule wa kichuguuni aliuweka kulia. Ule mweupe aliusukuma kando kwa kijiti.

"Huu siujui," akasema.

"Lakini susu, si unafanana na ule?"

"Wafanana. Lakini siujui."

Basi. Hakusema una sumu, wala hakutoa hotuba. Mwenye shahada alinung'unika hadi tulipofika kwenye gari, nao uyoga ule ukabaki pale chini ya mti. Mimi tangu siku hiyo naamini kwamba "siujui" ni neno lenye manufaa kwa afya kuliko vidonge vingi tunavyonunua.

Kwa nini? Kwa sababu hakuna hila ya jikoni inayoweza kuutambua uyoga wenye sumu. Wako wasemao kwamba ukiuchemsha na kitunguu kisibadilike rangi, ni salama. Wengine husema kwamba palipopita konokono na binadamu apita. Si kweli. Konokono hula uyoga unaoweza kumwua mtu, naye akaendelea na safari yake. Sumu iliyo mbaya kuliko zote, ile ya uyoga uitwao Amanita phalloides, haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa. Uyoga huo asili yake ni Ulaya, na umefuata miti ya kigeni hadi Afrika Kusini na Australia. Waliowahi kuula wakapona husema kwamba ulikuwa mtamu.

Lakini linalonitisha zaidi ni jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi. Mtu hula, akalala vizuri. Baada ya saa 6, au 12, au hata zaidi, huanza kutapika na kuhara vibaya. Kisha, siku ya pili hivi, tumbo hutulia. Mgonjwa huketi kitandani, akaomba uji, jamaa wakamshukuru Mungu na kutaka kumrudisha nyumbani. Kumbe wakati huo huo ini linaharibika, na kufikia siku ya tatu au ya nne mwili hugeuka manjano. Kwa hiyo, ukimwona mtu ameugua baada ya kula uyoga wa porini, mpeleke hospitali mara moja hata akisema amepata nafuu, na uchukue mabaki ya uyoga huo ndani ya karatasi ili waganga wauone.

Nafuu hiyo ya uongo naijua kwa njia nyingine, ijapokuwa sikula uyoga. Miaka kadhaa iliyopita niliacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu kichwa kilikuwa kimeacha kuniuma. Hakuna aliyeniambia niache. Nilijiona mzima, basi nikajiandikia cheti mwenyewe. Wiki ya sita nilianguka jikoni, nusu ya uso ikiwa imekufa ganzi, na mtoto wangu wa darasa la nne ndiye aliyekimbia kuwaita majirani. Laiti siku ile ningesema sijui, nikaenda kupimwa!

Na ule wa kichuguuni? Nao una habari zake. Uyoga ule hulimwa na mchwa. Wao hukusanya nyasi na vijiti vikavu, huvila, kisha kwa kinyesi chao hujenga shamba chini ya ardhi ambamo kuvu huota na kuyeyusha yale ambayo tumbo la mchwa haliwezi. Mchwa huila kuvu, nayo kuvu hupata makao yenye joto na unyevu usiobadilika sana. Ushirika huu umedumu mamilioni ya miaka, na ulianzia hapa hapa Afrika. Binadamu, pamoja na maarifa yake yote, hajafaulu kuulima kibiashara, ndiyo maana ule wa vifurushi vya dukani ni wa aina nyingine kabisa. Sisi twasema uyoga umeota usiku mmoja, lakini kazi ya chini ilikwisha kufanywa kwa miezi mingi. (Mwambie hayo mtu anayetaka kupunguza kitambi kwa wiki mbili kabla ya harusi.)

La kusikitisha ni kwamba hapa Syokimau kila ploti inapopimwa, kichuguu ndicho cha kwanza kuondolewa kwa tingatinga. Nao wanaoujua uyoga wake wanazeeka. Binti wa susu, msomi na mwenye gari, aliniambia kwamba yeye hawezi kuutofautisha hata mmoja. Hakuwahi kuuliza, kwani uyoga ulikuwa chakula cha likizo za utotoni, wala haukuwa somo la mtihani.

Susu amepita miaka 80. Tumekubaliana kwamba mvua fupi zikianza tutamfuata Kangundo badala ya kumleta Lukenya, atuonyeshe vichuguu vya shambani mwake. Mwenye shahada mbili ameahidi kubeba daftari.