Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Sisi Twatunza?

Hapa petu Majengo, katika mji wa Songea, liko neno moja ambalo siku hizi limekuwa jepesi kinywani kuliko salamu. Neno lenyewe ni "msaliti." Zamani tulilisikia kanisani katika Juma Kuu, likitajwa pamoja na jina la Yuda na fedha zake, na watu waliinamisha vichwa. Leo mtu huitwa msaliti kwa sababu amehama timu ya mpira.

Tumelazimika kuandika habari hii kwa ajili ya kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, hodari wa mpira wa miguu. Aliitwa na timu ya mkoa mwingine aende akajaribiwe. Wenzake wa timu ya mtaa walipopata habari hawakumpongeza. Walimnyang'anya jezi, wakamwambia asikanyage tena kiwanjani. Mzee mmoja wa heshima, ambaye twamjua kuwa mtu wa sala, alimkuta njiani akamtupia methali: mkataa kwao mtumwa. Jioni kijana akaja kwetu, akakaa kimya kitambo, halafu akauliza, "Mwalimu, je, kuondoka ni dhambi?"

Swali hilo lastahili jibu la wazi. Sisi twasema: kuondoka si dhambi. Lililo baya ni jinsi tunavyowatendea wanaoondoka. Na tena, kwa habari ya timu za kwetu, mchezaji siye aliyetangulia kuondoka. Waliotangulia ni sisi mashabiki.

Na tuanze na jambo ambalo kila msomaji alilisikia. Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, aliingia timu ya Yanga mwaka 2018, akapendwa mno. Mwezi wa Desemba 2022 alitangaza kwamba anavunja mkataba wake, akapeleka shilingi milioni 112 ili awe huru. Klabu ilikataa. Mwezi wa Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Mashauri yakaendelea miezi mingi, hata mwezi wa Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, alipoikaribisha timu hiyo Ikulu, aliomba jambo hilo limalizwe. Siku chache baadaye mchezaji akauzwa kwa Azam, na shauri likaisha.

Kwa wenye shauri liliisha. Kwetu Majengo halikuisha. Twawajua majirani wawili ambao walikuwa wakichota maji bomba moja na kusali kanisa moja, nao waliacha kuamkiana kwa ajili ya neno hilo. Mmoja alisema kijana ameonewa, wa pili alisema kijana hana shukrani. Wote wawili hawajapata kumwona mchezaji huyo kwa macho yao. Dar es Salaam ni mwendo wa karibu kilomita elfu moja kutoka hapa, na ugomvi wake ulisafiri njia hiyo yote ukaja ukakaa kati ya nyumba mbili za Majengo.

Mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika peke yao. Huko Marekani yuko mchezaji wa mpira wa kikapu, jina lake LeBron James, mzaliwa wa mji wa Akron, ulio karibu na mji mkubwa wa Cleveland. Mwaka 2003, alipotoka tu shule ya sekondari, alichukuliwa na timu ya Cleveland. Kwa watu wa pale alikuwa mtoto wa nyumbani, na mji wao haukuwa umeonja ubingwa katika michezo mikubwa tangu mwaka 1964. Akawachezea miaka saba. Tarehe 8 Julai 2010 alitangaza katika televisheni kwamba anahamia timu ya Miami. Usiku ule ule watu wa Cleveland walitoka barabarani wakazichoma moto jezi zenye jina lake. Mwenye timu naye akaandika barua ya hasira, akimsuta mbele ya ulimwengu kwamba ni msaliti, na kutabiri kwamba Cleveland itapata ubingwa kabla ya yeye kuupata. Wakuu wa mchezo wakamtoza bwana huyo faini ya dola 100,000.

Basi utabiri wa hasira ulifika wapi? Miami ilitwaa ubingwa mwaka 2012, ikautwaa tena mwaka 2013. Mwaka 2014 LeBron James akarudi Cleveland kwa hiari yake, na mwenye timu aliyemtukana ndiye aliyempokea. Mwezi wa Juni 2016 akaiongoza timu ya nyumbani kupata ubingwa, baada ya miaka 52 ya njaa. Wale waliochoma jezi mwaka 2010 wakatafuta jezi nyingine za kuvaa. Mwaka 2018 akaondoka mara ya pili, kwenda Los Angeles. Na alipokuja Cleveland kucheza akiwa mgeni, watu walisimama wakampigia makofi. Mtu ni yule yule, na mji ni ule ule. Katika miaka minane watu wa Cleveland walijifunza kumuaga mtu. Je, sisi twangoja miaka mingapi?

Twajua wako watakaotupinga, na hoja zao ni tatu. Yatupasa kuzijibu kwa haki.

Hoja ya kwanza yasema: mchezaji alivunja ahadi. Hapa twakubali bila kusita kwamba ahadi ni deni. Mtu akitia sahihi yake, na ashike neno lake. Akitaka kutoka, na atoke kwa mlango, si kwa dirisha. LeBron James naye alikosea namna ya kuaga, kwa maana haikufaa kuwaambia watu wa nyumbani habari nzito kama ile katika televisheni, mbele ya dunia nzima. Walakini kosa la ahadi lina waamuzi wake. Kamati ilikaa, ikasikiliza, ikaamua. Shabiki wa Majengo ni nani hata aongeze hukumu yake juu ya ile ya kamati? Mwenye kudaiwa hulipa deni. Matusi ya mama yake hayamo katika mkataba.

Hoja ya pili yasema: amefuata fedha. Ndugu zetu, ni nani kati yetu asiyefuata fedha kwa kazi yake? Mkulima wa Namtumbo hupeleka tumbaku yake penye bei, na mkulima wa kahawa wa Mbinga hali kadhalika. Mwalimu akipata shule yenye nyumba na mshahara mzuri zaidi, twamwombea heri. Tena tufikiri umri wa kazi ya mchezaji. Mwalimu aweza kufundisha hata nywele zikawa nyeupe, na mshonaji hushona maadamu macho yaona. Lakini mchezaji huanza akiwa na miaka kama 20, na akifika 35 miguu yamwambia basi. Goti likivunjika mapema, hata hiyo miaka 15 haipati. Apendaye fedha kuliko Mungu ana hatari, na neno hilo tunalifundisha kila mwaka. Walakini atafutaye chakula cha wanawe katika muda mfupi aliopewa si mpenda fedha. Ni baba.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, nayo ndiyo ya yule mzee: sisi ndio tuliomlea, basi yeye ni wetu, na mkataa kwao mtumwa. Methali hiyo twaiheshimu. Humsuta mtu anayeona haya kuitwa mwana wa baba yake, anayeficha kabila lake na kusahau lugha ya mama yake. Lakini aliyekwenda kufanya kazi mbali hajakataa kwao. Wakati wa Waingereza, wazee wetu Wangoni walikwenda maelfu kwa maelfu kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Wengine walirudi na blanketi na kodi ya baba. Wengine walizikwa huko huko. Ni nani aliyechoma nguo zao walipoondoka? Mama zao walilia, wakawafungia chakula cha njiani, wakawaombea. Je, wazee hao waliikataa Songea?

Tena wahenga walituachia methali nyingine, ambayo hatupendi kuitaja kwa sababu yatudai sisi: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii haisemi mcheza kwao hufungwa kamba. Yasema hutunzwa. Kazi ya kucheza ni ya mchezaji, na kazi ya kutunza ni ya watu wa kwao. Basi na tuulizane, sisi tuliomlea: tulimtunza kwa nini?

Hapa ndipo tunapofika penye kidonda chetu wenyewe. Mji huu una timu, jina lake Majimaji. Jina hilo halikuokotwa. Ni jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907, na mwaka 1906 Nduna Songea Mbano na wenzake walinyongwa na Wajerumani hapa mjini kwa ajili ya vita hivyo. Timu yenye jina la damu namna hiyo ilipata kutwaa ubingwa mwaka 1985, na 1986, na tena 1998. Watu wazima wa Majengo wanakumbuka jinsi timu kubwa za Dar es Salaam zilivyoogopa kuja Songea. Baadaye mambo yakaharibika. Ilirudi Ligi Kuu katika msimu wa 2015/2016, na mwaka 2018 ikateremka.

Siku ile ilipoteremka, ni nyumba ngapi za Majengo zilizokosa usingizi? Tulipita mitaani tukaona vijana wamevaa kijani na njano, na wengine wamevaa nyekundu, wakibishana habari za Yanga na Simba kama ilivyo desturi. Mtu aliyekosa fedha ya kiingilio cha Uwanja wa Majimaji alikuwa nayo ya kununua jezi ya timu ya mbali. Mtu aliyesema hana nafasi Jumamosi alikaa saa mbili nzima mbele ya televisheni katika banda la kuonyesha mpira, akalipa na kiingilio. Wala hatusemi haya kama watu walio nje. Sisi wenyewe waandishi tumo.

Basi, ndugu, ni nani aliyemwacha mwenzake? Kijana hucheza mbele ya viti vitupu, na akiumia mguu hajui atamlilia nani. Mkataba wake, kama anao, hakusomewa na mtu mzima hata mmoja. Sisi tumekwisha kuhama kwa mioyo yetu zamani, tumekwenda kukaa Dar es Salaam bila nauli. Lakini siku kijana huyo akipanda basi kufuata timu ile ile ambayo sisi twavaa jezi yake, twasimama stendi na kumwita msaliti! Sisi twaweza kuwa na timu tuipendayo huko mbali. Yeye akaipende kwa miguu yake, imekuwa haramu.

Wakristo wenzetu, tukumbuke mji wa Nazareti. Watu wa pale waliona uchungu kwamba mwana wa seremala, waliyemwona akikua, alitenda mambo makuu Kapernaumu. Walitaka ayatende kwao. Lakini alipokuwa kwao hawakumwamini. Wakamtoa nje ya mji, wakampeleka penye ukingo wa kilima ili wamtupe chini. Hatumlinganishi mchezaji na Bwana, hasha! Twajilinganisha sisi na Wanazareti. Hasira yao ilijiita upendo wa nyumbani, kumbe ni wivu.

Basi tufanye nini? Twashauri mambo matatu, nayo hayahitaji mfadhili. Kwanza, anayeweza kulipa kiingilio na aende kiwanjani kuwatazama vijana wa mji huu kabla ya kununua jezi ya timu nyingine. Pili, kijana akiletewa mkataba, mzazi na mwalimu na wausome pamoja naye, neno kwa neno, kabla hajatia sahihi. Kwa maana kesi nyingi za kuvunja huzaliwa siku ya kutia sahihi. Tatu, kijana akiondoka kwa haki, na aagwe hadharani, kwa sala na mkono wa heri, ili siku atakayotaka kurudi asikute mlango umefungwa kwa matusi yetu. Cleveland ilipata ubingwa kwa sababu aliyetukanwa alikuwa na moyo mpana kuliko waliomtukana. Tusitegemee kila mwana wetu awe na moyo huo.

Yule kijana tulimjibu hivi: "Nenda, mwanangu. Mpe mwalimu wako wa timu jezi yake mkononi na kumshukuru. Mwamkie yule mzee kabla ya kusafiri, hata asipoitikia. Na huko uendako, mtu akikuuliza watoka wapi, mwambie Majengo, Songea, wala usiseme kwa sauti ndogo."

Alikwenda akamwamkia. Mzee aliitikia. Twaomba na majirani wale wawili wa bomba moja waamkiane.