Mwenye Kanzu Yuko Wapi?

Nina ugomvi na wapiga picha, na ugomvi wenyewe nauanza na nafsi yangu, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Kila mwaka watu huingia Zanzibar na mikoba ya kamera, na aghalabu wanataka kitu kile kile: mzee wa taarabu, nyumbani kwake, kando ya dirisha, uso umejaa makunyanzi, nyuma yake giza. Sisi wenyeji nasi tumewaiga. Picha hiyo husifiwa kwenye maonyesho, hutiwa kwenye kalenda, na siku hizi huzagaa kwenye simu. Mimi nasema kwamba picha hiyo, kwa namna tunavyoipiga, ni uongo. Na ubaya wake ni kuwa uongo huo tunausema kwa mwanga wa dirishani, mwanga ambao sisi wenyewe tunausifu kuwa haudanganyi.

Nisimulie yaliyonipata, msomaji upate kuhukumu.

Alikuwapo mpiga udi mmoja, mzee wa miaka themanini na ushei, akikaa ghorofa ya juu katika nyumba moja ya Mji Mkongwe. Sote tulimwita Maalim, kwa sababu vijana wengi waliojua kushika udi katika mitaa ile walipita mikononi mwake. Jina lake nitalihifadhi. Sikumwomba ruhusa ya kulitangaza alipokuwa hai, na sasa nimechelewa. Nilikwenda kwake mara ya kwanza katikati ya miaka ya tisini, na kamera ya filamu begani na haraka moyoni.

"Hodi! Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Pita, kahawa iko motoni."

Kahawa sikuinywa. Nilimkalisha karibu na dirisha, kavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia yake ya vito, nikapiga, nikaondoka. Filamu iliposafishwa, kanzu ilitoka vizuri kwa kila mkunjo wake, na juu ya kanzu palikuwa na doa jeusi. Nilimpelekea picha hiyo nikiwa na haya. Aliitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena. Kisha akasema: "Kanzu yangu umeipatia. Mwenye kanzu yuko wapi?"

Swali hilo lingenitosha, laiti ningekuwa na masikio. Kipima mwanga cha kamera ni chombo kijinga. Kinadhani dunia yote ni ya kijivu cha wastani. Kikiona kanzu nyeupe inang'aa hupunguza mwanga ili kanzu iwe kijivu, na mwenye ngozi nyeusi aliyemo ndani yake hupotea. Dawa yake ni ndogo: msogelee, pima mwanga wa shavu lake, kisha rudi ulipokuwa. Lakini kumsogelea mtu mpaka shavuni kunahitaji ruhusa, na ruhusa inahitaji mazungumzo. Mimi nilikuwa na haraka.

Wala si ujinga wa kipimo peke yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iligawia maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, iwe kigezo cha kupimia rangi ya ngozi katika picha. Shavu la Maalim halikuwamo katika hesabu hiyo. Basi anayepiga picha za watu wetu kwa kufuata mashine bila kufikiri, ajue anafuata mashine iliyofundwa kwa nyuso nyingine.

Mara ya pili nilikwenda na flashi. Sitasema mengi. Mzee alifumba macho, uso ukatoka unang'aa kama uliopakwa mafuta, na ukutani nyuma yake kikasimama kivuli kikubwa kuliko yeye. Alisema tu kwamba radi imempiga ndani ya nyumba yake.

Mara ya tatu nilijiona fundi. Nilikuwa nimesoma vitabu. Nilimkalisha ubavu kwa dirisha, mwanga ukawa unampitia usoni kwa mshazari. Mwanga wa namna hiyo hukwaruza ngozi: kila mkunjo hupata kivuli chake, na kikunyanzi chembamba huonekana kama mfereji. Nilimsogeza karibu kabisa na dirisha, kwa sababu nilijua kwamba hapo mwanga hupungua upesi kila unapoingia chumbani, na kamera ikitosheka na uso, chumba chote kinazama gizani. Nilikitaka giza chumba kile makusudi. Mlikuwa na televisheni, feni, kiti cha plastiki, na picha za wajukuu waliohitimu shule. Vitu hivyo vilikuwa vikiniharibia "ukale" wangu. Kisha nikamtia udi mapajani na kumwambia, Mungu anisamehe: "Usipige, Maalim. Ushike tu. Mkono ukitikisika picha inaharibika."

Picha ile ilitundikwa kwenye maonyesho nami nikapewa zawadi. Watu walisimama mbele yake wakisema, "Angalia mikono hiyo! Angalia uso huo!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee huyu anapiga nini. Na wangeulizaje, ilhali mimi mwenyewe nilimkataza kupiga?

Nilimpelekea nakala. Binti yake ndiye aliyeipokea. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba amekuwa maskini lini?"

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwanga wa dirisha si haki wala si dhuluma; ni mwanga. Unaweza kumfunua mtu na unaweza kumvua nguo. Sisi tumeufanya chombo cha kumvua. Tunaingia katika nyumba ya mtu aliyetumia miaka sitini kujifunza sanaa yake, tunatoka na picha ya umri wake. Umri hakuufanyia kazi; umemjia kama unavyotujia sote. Alichokifanyia kazi ni udi: chombo kisicho na mistari ya chuma shingoni kama gitaa, ambapo kidole ndicho kinachotafuta mahali pa sauti, na kikikosea kwa unene wa ukucha kila mwenye sikio anajua. Elimu hiyo iko mkononi wakati mkono unafanya kazi. Mkono uliolala hauionyeshi.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kutiwa sauti katika santuri. Mashine ile, pamoja na uchanga wake wote, ilimtaka aimbe. Kamera zetu za leo, zenye uwezo mkubwa namna hii, zinamtaka msanii anyamaze na atazame dirishani kama anayengoja kifo. Mtazame Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 2005 alituzwa na WOMEX kwa kazi yake; lakini ni wangapi wanaoujua uso wake kwenye mabango na mafulana, na hawajui kwamba alikuwa mpiga ngoma na kungwi wa unyago? Uso ulikwenda sokoni, elimu ikabaki nyumbani.

Najua nitakavyojibiwa. Watasema: "Uzee si aibu, kwa nini tuufiche?" Sijasema tuufiche. Makunyanzi ya Maalim ni yake na wala hakuyaonea haya. Nasema uzee si aibu, lakini si bidhaa pia. Na anayemzidishia mzee makunyanzi kwa mwanga wa mshazari hana haki ya kudai kwamba anaonyesha kweli, sawasawa na anayeyafuta.

Watasema tena: "Mwanga wa nyumbani hautoshi, lazima tumzuie asitikisike." Hilo nalo si kweli. Dirisha kubwa la Mji Mkongwe, saa nne asubuhi, filamu ya ASA 400, tundu la lenzi limefunguliwa sana, linakupa sekunde 1/60 kwa uso ulio jirani na dirisha. Uso utatulia. Vidole vikiacha ukungu kidogo, viache: huo ukungu ndio muziki wenyewe. Kamera za leo, na hata simu, zinaweza zaidi ya hapo.

Wala tusijifiche nyuma ya vitabu. Vitabu vya Ulaya vinatuambia tutafute dirisha linaloelekea kaskazini kwa sababu jua halipiti huko. Kwao ni kweli. Sisi tuko nyuzi sita kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni, kusi ikivuma, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini. Disemba, kaskazi ikishika, jua limehamia kusini. Anayetaka mwanga mtulivu hapa asikariri dira, aulize wenye nyumba. Maalim ndiye aliyenifundisha kwamba mwanga mzuri wa chumba chake hautoki mbinguni moja kwa moja: unapiga ukuta wa chokaa wa jirani, ng'ambo ya kichochoro, ndipo unaingia kwake umeshapoa. Alijua, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akibadilishia nyuzi.

Na wala si kwamba Afrika haijui namna nyingine. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alitumia zaidi mwanga wa mchana. Watu walimjia wamevaa vizuri, wakashika redio, wakavaa saa, wakasimama walivyotaka kuonekana. Walilipa, na picha wakaondoka nayo. Mwanga ulikuwa wa jua lile lile. Tofauti ni kwamba aliyepigwa picha ndiye aliyekuwa na kauli.

Nilirudi kwa Maalim mara ya nne, baada ya miezi mingi ya kuona haya kukipita kichochoro kile. Safari hii kahawa niliinywa. Sikuitoa kamera mpaka aliponiuliza kama nimeiuza. Nilimwuliza apendapo kukaa, akaniambia ni kwenye kiti chake cha plastiki, hatua mbili ndani ya chumba. Nikamwomba ageuze uso kidogo uelekee dirishani, si ubavu. Mwanga ukamjaa wote, macho yakapata nuru, na kanzu ile nyeupe, ambayo mwanzo ilinishinda, ikarudisha mwanga chini ya kidevu chake bila kuombwa. Na kwa sababu hakuwa ameng'ang'ania dirisha, chumba kilibaki kinaonekana: feni, televisheni, wajukuu. Nilipima shavu lake kwa idhini yake.

Kisha nikamwambia apige. Kabla ya kupiga ilimbidi akaze nyuzi. Aliinama, akasogeza sikio karibu na ubao wa udi, mkono wa kushoto kwenye vigingi, wa kulia ukigusa uzi, uzi, uzi. Hakuwa mzee wakati ule. Alikuwa fundi anayesikiliza kitu ambacho mimi sikisikii. Nikapiga picha moja tu, kwa kuwa nilisahau kupiga ya pili.

Picha hiyo nilijaribu kuipeleka kulekule ilikosifiwa ile ya kwanza. Niliambiwa haina "hisia", na kwamba televisheni inaharibu. Sikushangaa.

Maalim alifariki miaka michache baadaye. Wenziwe wa kikundi walitaka picha ya kutundika ukutani, pale wanapofanyia mazoezi. Binti yake alikuja kwangu kuchagua. Nilimwekea zote mbili mezani, kwa ujinga wa kutaka kujua. Ile yenye zawadi hakuigusa. "Hiyo wape waliokupa zawadi," alisema. Akachukua ile ya kukaza nyuzi, akaifunga katika kanga.

Basi kwa kijana anayetaka kwenda kwa wazee hawa na kamera, nina machache ya kumwambia. Kunywa kahawa kwanza. Mwache apige. Usimwondolee feni yake. Pima mwanga wa shavu, si wa kanzu. Mpelekee picha kabla hujampelekea mtu mwingine yeyote, na kama hakuitaka, usiitoe. Na kama huna asubuhi nzima ya kumpa, mwache na dirisha lake. Mwanga ule anautumia kubadilishia nyuzi.