Leso Husomwa Jina, Dawa Je?

Mnunuzi wa leso Biashara Street hatoi pesa kabla ya kulisoma jina lake. Ataifunua doti, atayapima maneno, na yasipompendeza ataomba nyingine. Lakini mtu huyohuyo akiingia duka la dawa kutafuta vidonge vya kifua, hukatiwa vinne kwa mkasi, vikafungwa kwenye bahasha ndogo, akaenda zake. Jina la dawa limebaki kwenye kipande kilichorudishwa kabatini. Mazoea haya yanahatarisha maisha, na tunasema yakome.

Hatari yenyewe iko moyoni, kwani moyo hupiga kwa umeme. Kila seli yake ina vijilango vinavyopitisha sodiamu, kalisi na potasiamu kwa zamu. Dawa ikiziba lango la potasiamu, moyo huchelewa kujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Mapigo huweza kuvurugika, mtu akazirai au akafa ghafla.

Funzo hili liligharimu roho za watu. Terfenadini, dawa ya mzio iliyoaminika, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998. Peke yake haikuwa na neno kwa wengi. Ilipokutana mwilini na eritromaisini, au ketokonazoli ya fangasi, ini lilishindwa kuivunja, ikarundikana na kuliziba lango hilo. Halofantrini ya malaria, iliyojulikana kwa jina la Halfan, nayo ilibainika kuvuruga moyo. Tangu 2005, miongozo ya kimataifa inataka dawa mpya zipimwe kwenye lango hilo kabla ya kuidhinishwa.

Lakini maabara haimjui mgonjwa aliyeharisha siku tatu akapungukiwa na potasiamu, wala aliyechanganya dawa za maduka mawili. Eritromaisini, inayoweza kulizuia ini lisivunje dawa nyingine, ingali kwenye rafu zetu. Anayeweza kumwokoa ni aliye nyuma ya kaunta, kwa swali moja: unatumia dawa gani nyingine?

Tunaitaka Bodi ya Dawa na Sumu isimamie kwa dhati sharti la cheti cha daktari, na ihakikishe kila bahasha inaandikwa jina la dawa iliyomo. Wahudumu wa afya wajaze fomu ya manjano kila wanaposhuku dawa imemdhuru mtu. Hospitali nazo zimpime umeme wa moyo, ECG, mgonjwa mwenye historia ya kuzirai kabla ya kumpa dawa zinazoweza kuziba lango la potasiamu.

Nawe msomaji, usiache kwa hofu dawa uliyoandikiwa. Taja zote unazotumia, wala usitoke dukani na kidonge usichokijua jina.